Benchi la Tatu, Upande wa Dirisha

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Mama Dimfina alifunga mlango wa nyumba yake ya Biharwe, karibu na mji wa Mbarara, Uganda, kwa komeo, akashusha pazia, na hata ungebisha hodi mpaka sauti ikukauke asingefungua. Majirani walishazoea. Walisema mzungu akizeeka lazima alale mchana, ndivyo walivyoumbwa, na mgeni aliyekuja siku hiyo alirudishwa na yeyote aliyekuwa karibu na geti. Watu wa Nakivale, makazi ya wakimbizi ambako alifanya kazi siku za wiki, walijifunza mapema kwamba kama una shida na Mama Dimfina, basi njoo Jumamosi au ungoje Jumatatu.

Hakuwa analala. Alikuwa anakwenda kanisani mara ya pili.

Asubuhi alishasali misa ya kwanza pale pale Biharwe, amekaa na majirani, ameimba Kinyankole chake cha kubahatisha. Mchana alikaa kitandani peke yake, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, akafungua kanisa la kijiji chao. Huko Ayalandi parokia nyingi zimefunga kamera kanisani inayopeleka misa kwenye mtandao, kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kutoka na kwa ajili ya watoto wa parokia waliotawanyika duniani. Kamera ya kwao waliipigilia kwenye roshani ya kwaya, nyuma kabisa, kwa hiyo ilichoonyesha zaidi ni visogo. Visogo vya kijiji kizima vimepangwa kwenye mabenchi. Dimfina hakuwa na haja navyo vyote. Alitazama kimoja tu, benchi la tatu kutoka mbele, upande wa dirisha, kipara chenye mvi pembeni. Huyo alikuwa Malaki, kaka yake, na katika ukoo wao walikuwa wamebaki wawili tu.

Tuseme ukweli, ile haikuwa ibada. Padri alihubiri aliyohubiri, Dimfina macho kwa Malaki. Kama koti ni lile la zamani. Kama anakohoa. Kama akipiga magoti anashika benchi la mbele kwa mkono mmoja au kwa yote miwili. Wakati wa komunyo Malaki aliinuka, akaenda, akarudi ameelekea kamera, na hapo kwa kitambo kidogo uso wake ulionekana, mdogo, umeinama, hauinuki kutazama chochote. Kisha kisogo tena. Misa ikiisha Dimfina alifungua mlango, akatoa kiti uani, na mpita njia akimuuliza kama amelala vizuri, alijibu kwamba amelala vizuri sana.

Alikuja Nakivale akiwa mkunga wa shirika moja, akiwa bado na nywele nyekundu. Shirika liliondoka, yeye akabaki. Watoto aliowapokea mikononi sasa wana watoto wao. Mgongo ulipokataa kazi ya kuinama, alijiunga na kikundi cha wanawake wanaogandisha maziwa na kuyauza pale Base Camp, soko kubwa la makazi ya wakimbizi, maana yeye alizaliwa kwenye ng'ombe na alijua maziwa kuliko alivyojua Injili. Mkuu wa kikundi alikuwa Pélagie, mama mpana wa Fizi, Kivu ya Kusini, ambaye wengi walimwita Mama Ushindi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alicheka kwa sauti na kuamua mambo kwa haraka. Dimfina alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia.

Nyumbani alipiga simu pia, usidhani hakupiga. Lakini Malaki alikuwa mtu wa kuyapima maneno kwa kijiko. Mvua ikoje huko? Ipo. Na ng'ombe? Wazima. Na wewe huko, jua kali? Kali. Basi, nisikumalizie pesa. Malaki hakuoa, Dimfina hakuolewa, na wazazi wao waliwalea katika nyumba ambayo mtu alionyesha upendo kwa kukuongezea viazi. Mara ya mwisho kuonana ana kwa ana ni pale walipomzika mama yao. Tangu hapo kila mwaka Dimfina alisema mwaka kesho nitakwenda, na mwaka kesho una tabia ya kukaa kesho.

Hakumwambia kaka yake kwamba humwona kwenye kamera. Alimjua. Malaki tangu utotoni hakutaka kutazamwa. Kwenye picha za familia yeye ndiye bega linalotoka pembeni. Dimfina aliogopa kwamba akijua kuna jicho juu yake atahama benchi, na yeye atabaki na nini? Akanyamaza, akaendelea kuiba.

Wala hakuwaambia watu wa Nakivale. Hapo lilikuwa jambo jingine, nalo lilikuwa aibu. Angeanzaje? Pélagie alipoteza ndugu watatu na hajui kaburi la hata mmoja. Nani angemlilia huyo kwamba anamkumbuka kaka aliye hai, mwenye afya na shamba, ambaye yeye Dimfina angeweza kupanda ndege akamwone mwaka wowote? Nao hawakumuuliza. Walimwona mzungu asiye na mtu, wakadhani ndivyo alivyotaka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na methali hiyo Dimfina aliijua fika. Enzi za ukunga aliitumia kuwagombeza wajawazito waliochelewa kusema panapouma. Kwake mwenyewe hakuona kama inamhusu.

Basi Jumapili moja akafungua kanisa, na benchi la tatu lilikuwa tupu.

Alitazama misa nzima akidhani Malaki amechelewa. Alitazama mpaka watu wakatoka na kijana wa sakristia akazima mishumaa. Akapiga simu ya nyumbani, ikaita mpaka ikakata. Akampigia Noreen, jirani wa kaka yake, mwanamke mwema aliyekuwa akimpelekea Malaki mkate. Noreen akasema asihangaike, ni kifua tu, daktari amempa dawa na amemwamuru alale, naye amelala huku ananung'unika kuhusu ng'ombe. Jumapili ijayo atakuwa mahali pake hata kama itabidi wamfunge kamba.

Wiki hiyo Dimfina aliishi kwa ajili ya Jumapili. Hakutaka kitu kingine duniani ila kukiona kile kisogo kimerudi mahali pake. Akishakiona, alijisemea, atakata tiketi ya ndege kweli kweli, safari hii bila mchezo. Kabla ya hapo aliogopa hata kuulizia bei, kama vile kuulizia kungemdhuru mgonjwa.

Alhamisi mchana, akiinamia pipa la maziwa pale Base Camp, simu ilimponyoka kutoka mfuko wa kifuani ikatumbukia ndani. Wanawake walicheka. Pélagie akaitoa kwa mwiko, akasema sasa itagandishwa kama yogati. Wakaipeleka kwa Joël, shemeji yake Pélagie, mtu mzima mwenye kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu kwa umeme wa jua. Joël akaifungua, akaipangusa, akaianika, akamwambia Mama aende nyumbani tu, kesho ataikuta nzima. Dimfina akapanda taksi ya kurudi Mbarara bila wasiwasi mkubwa. Jumapili ilikuwa bado.

Ijumaa alirudi. Joël hakuinua macho kwenye kazi yake. Akasema kuna kifaa kimoja kinatoka Mbarara. Dimfina akamwambia yeye mwenyewe ametoka Mbarara asubuhi ile na kesho angeweza kukinunua. Joël akasema aliyetumwa ameshaondoka. Basi nipe laini yangu niiweke kwenye simu nyingine, akasema Dimfina. Joël akasema laini nayo inakauka. Huyo mtu hakuzaliwa kuwa mwongo, na kama Dimfina asingekuwa na mawazo yake mengine angemshika hapo hapo.

Pélagie naye siku hiyo alikuwa wa ajabu. Hakucheka. Alimkalisha Dimfina kwenye kigoda, akampa fufu na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, akasimama kumtazama mpaka amalize, na walipoagana akamshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema Alida ana mambo yake ya kufanya mjini, na itafaa alale kwa Mama huko Biharwe. Alida alikuwa Mrundi wa kikundi chao, mjane mpole asiye na maneno mengi. Dimfina hakupenda. Jumapili ilikuwa inakaribia, na mgeni ndani ya nyumba angemfanya aeleze kwa nini anafunga mlango. Lakini utamkataa mgeni kwa lugha gani katika nchi hii?

Jumamosi Alida aliamka kabla yake. Alifagia uwanja, akaufagia tena. Akatoa meza sebuleni akaiegemeza ukutani nje, akasema anatafuta vumbi. Akatoa na viti. Dimfina aliyaona haya yote kwa hasira ya chini chini, akaenda kufua ili asiseme neno baya. Kwenye saa nane alikuwa anaanika mashuka, anapanga moyoni kwamba kama kesho simu haijaja ataondoka kwa kisingizio aende mjini Mbarara, kwenye duka lenye kompyuta za kukodi. Baadaye aliikumbuka sana saa hiyo, yeye na vibanio vyake vya nguo.

Saa kumi ilisimama fuso mbele ya geti.

Walishuka wanawake wengi, vitenge vimefungwa kiunoni, mikeka kichwani, na masufuria, na mzigo wa kuni. Walishuka na wanaume wachache. Joël alikuwamo, na Laurent, mzee aliyeongoza sala kwenye vilio vya watu wa Fizi. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeita hodi kwa furaha. Dimfina alikuwa ameishi na watu hawa miaka mingi, asingeweza kutojua maana yake. Alikuwa amepanda fuso kama hiyo mara nyingi, akaenda kwa wengine, akashuka hivyo hivyo.

Akawaambia kwamba chai iko jikoni, anakuja, anaitoa motoni. Hakukuwa na chai motoni. Alisimama jikoni ameshika ukingo wa meza, akawaza kwamba maadamu hajatoka, hakuna lililotokea. Pélagie akamfuata huko huko, akamkumbatia, akamshika kweli, kama mtu anayeshika mti usianguke.

"Mama," alisema, "kaka yako Malaki, Mungu amemuita."

Nje wanawake walisikia, wakaanza kulia. Walimlilia Malaki kwa jina, wao ambao hawakuwahi kumwona, kama walivyowalilia ndugu zao wenyewe, mikono kichwani. Walimtoa Dimfina, wakamkalisha kwenye mkeka sebuleni, mahali palipofagiliwa tangu asubuhi, mmoja kulia mmoja kushoto, bega kwa bega. Alikuwa hajalia bado. Aliuliza lini.

Alhamisi, Pélagie akamwambia. Asubuhi, katikati ya ng'ombe wake. Jioni ile ile Joël alipoiwasha simu kuijaribu pale kibandani, ilianza kuita, ikaita bila kukoma, mpaka Joël akapokea. Akaambiwa yote kwa Kiingereza cha polepole na mwanamke aliyekuwa analia, naye akajibu kwamba Mama ataambiwa.

"Na kuzikwa?"

Pélagie alimwangalia Joël. Joël akasema, "Leo, Mama. Saa sita ya kule." Na saa sita ya kule ni saa nane ya huku.

Akaitoa simu mfukoni, nzima kabisa, akampa. Dimfina akaiwasha. Ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Noreen alimpa pole. Noreen akasema padri amekubali Dimfina aseme neno kwa simu, wataisogeza kwenye kipaza sauti, yeye ndiye ndugu pekee. Noreen akauliza kama amepata ujumbe. Kamera itawashwa tangu mwili unapoingia, jeneza litakaa katikati, ataona vizuri. Tunakupigia sasa. Tunakupigia tena. Padri anasema tunakungoja. Na wa mwisho: tumekungoja nusu saa, Dimfina, imebidi tuanze, Mungu akupe nguvu.

Hapo ndipo alipopandwa na hasira. Alisimama, akawaondoa wale wawili mabegani mwake. Kiswahili chake alijifunzia Nakivale, na kwa kawaida alikizungumza kwa adabu kama mgeni. Siku hiyo kilitoka bila adabu.

"Mulijua tangu Alhamisi," alisema. "Mulikula na mimi, mukanishika mukono, na mukanyamaza. Kaka yangu alikaa mbele ya altare ananingoja, na simu yangu ilikuwa mu mufuko ya Joël."

Vilio vilikatika. Joël alitazama miguu yake. Laurent akafungua mdomo kusema neno la Mungu, Pélagie akamzuia kwa mkono, maana jambo lilikuwa lake na aliliamua yeye.

"Ni mie nilimukataza Joël," alisema. "Kwetu mutu habikiwe njiani, na habikiwe eko peke yake. Tungekuambia Ijumaa, ungepanda taksi, ungefika hapa, ungelala na hiyo habari weye moja mu hii nyumba. Nani angekushika? Tulitafuta gari, tulitafuta bantu. Kule hauwezi kufika, ni mbali. Nikasema, bale bazike, sisi tutaenda kulia na yeye."

Na ndivyo ilivyokuwa, hakuna neno la uongo hapo. Katika vijiji walikotoka, kumbikia mtu, yaani kumwambia msiba, akiwa peke yake ni ukatili ambao hata adui hafanyi. Huanza kukusanyika watu, wakatangulia mbele wa kufagia na kutoa viti, na maneno huja nyuma yao. Wamepoteza mengi njiani, hilo hawakulipoteza. Walichanga nauli ya fuso wakiwa hawana kitu. Ungewalaumu wapi? Dimfina mwenyewe hakupaona mahali pa kushika, na hilo lilizidi kumuumiza.

"Ningemuona," alisema.

Pélagie hakuelewa. Basi Dimfina akawaeleza. Alianza kwa hasira na akamaliza bila hasira, kwa sababu lile jambo lilipotoka nje lilikuwa dogo: kamera, roshani, kisogo. Akafungua simu kuwaonyesha. Kanisa lilitokea, tupu, taa zimezimwa, jua la alasiri ya kule linaingia dirishani na kulala juu ya mabenchi. Maua machache yalibaki sakafuni mbele ya altare. Wanawake walisogea, simu ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Pélagie aliishika kwa muda, ameisogeza karibu na uso.

"Fasi yake ni wapi?"

Dimfina akamwonyesha kwa kidole.

"Kila Jumapili, siku ya Mungu?"

"Kila siku ya Mungu."

"Na sisi tulisema unalala." Pélagie alimrudishia simu. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Mama, nimekuzalia batoto bane mu mikono yako. Ulijua hata majina ya mbuzi ya baba yangu. Sisi tulijua uko na kaka siku ile alikufa."

Dimfina alitafuta hasira yake, hakuikuta. Akaketi tena kwenye mkeka, na sasa ndipo alipolia, kwa sauti, vibaya, pua ikimtoka, na wale wawili wakarudi mabegani mwake kana kwamba hawakuondolewa.

Alikuwa bado analia simu ilipoita. Noreen. Alikuwa jikoni kwa Malaki pamoja na majirani, vikombe vikisikika nyuma yake. Hakuuliza kwa nini hakupokea. Kila mtu ana namna yake ya kuumia, alisema. Misa ilikuwa nzuri, kanisa lilijaa, mwanawe amekwisha kuwakamua ng'ombe. Halafu akasema leo hakuna aliyethubutu kukaa kwenye benchi la tatu, watu waliliacha lilivyo.

Dimfina akasema anajua kaka yake alilipenda lile benchi kwa sababu ya magoti, uzeeni mtu hawezi kusimama.

Magoti gani, Noreen akauliza. Magoti ya Malaki yalikuwa mazima mpaka siku ya mwisho. Akamweleza huku akishangaa kwamba anamweleza, maana siku zote alidhani ndugu hawa wawili walikubaliana jambo hilo. Tangu ujana Malaki alisalia nyuma kabisa, chini ya roshani, amesimama mlangoni na wanaume wengine wasiotaka kuonekana na padri. Wiki ilipofungwa kamera, alimfuata kijana wa sakristia akamuuliza kama ni kweli walioko ng'ambo wanaweza kutazama. Ni kweli. Akauliza inafika wapi. Kijana akamwambia inafika kanisa zima isipokuwa chini ya roshani, na panapoonekana vizuri kuliko pote ni mbele, upande wa dirisha, penye mwanga. Jumapili iliyofuata Malaki alitoka mlangoni, akatembea kanisa zima mbele ya macho ya watu, shingo nyekundu kwa aibu, akaketi benchi la tatu. Wanaume wa mlangoni walimcheka miezi. Hakurudi nyuma tena.

Dimfina alishukuru, akakata simu. Watu walimwangalia, hakuwatafsiria.

Chai ilipikwa, safari hii kweli. Waliimba pambio za kwao, wakasali, Laurent akasoma zaburi. Kisha, kama ilivyo desturi kwenye kilio, akaomba mmoja wa familia asimame aeleze maisha ya marehemu, ili wanaomlilia wajue wanamlilia nani. Kwenye vilio vingine huwa wanabishana nani aanze. Hapa watu walimtazama Dimfina, kwa sababu familia ilikuwa ni yeye.

Alisimama. Alitafuta la kusema, na alichokuta kilikuwa kidogo hata akaona aibu. Alijua hali ya mvua ya kila mwezi. Alijua koti la kijivu na koti la buluu. Hakujua Malaki alicheka nini, alimpenda nani, jioni alikaa na nani. Watu walingoja kwa heshima, na watoto wa nje wakanyamazishwa.

"Kaka yangu alikuwa mutu wa kusimama nyuma," alisema mwishowe. "Karibu na mulango. Hakupenda bantu bamuangalie. Waliweka kamera, yeye akaenda kukaa mbele, kwenye mwanga. Miaka yote. Ni leo nimeambiwa kama ni juu yangu."

Akataka kuketi, lakini Pélagie, aliyekuwa amekaa miguuni pake, aliinua uso.

"Na yeye alijua kama unamuangalia?"

Dimfina alisimama hapo katikati ya watu wote wale, mikono imelegea.

"Hapana," alisema. "Sikumuambia. Alikuwa anakaa tu."